Kurasa za "tafsiri ya maneno" kwenye mkataba wa fremu: mimi kuzikosa kulinigharimu Sh 1,740,000

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Mkataba wa fremu uliyopata Nkuhungu una kurasa tisa, mbili za mwanzo ni orodha ya maneno na maana zake: je, ni za kuruka? Na kwa nini "Mpangaji", "Pango" na "Jengo" vimepewa herufi kubwa kila mahali utadhani ni majina ya watu? Waliotangulia wamekujibu soma vifungu vya hela tu, huko mwanzo ni mbwembwe za mawakili. Naomba niwapinge.

Mimi si wakili. Nina steshenari karibu na mahakama hapa Dodoma, mwaka wa kumi na mbili sasa, na mkate wangu ni kupiga chapa mikataba ya watu: viwanja, bodaboda, fremu, mashamba ya zabibu. Anayeupiga chapa mkataba anausoma kuliko hata anayeusaini. Lakini hilo halikunisaidia siku ulipokuwa mkataba wangu mwenyewe.

Tulilima alizeti kwenye shamba la marehemu mzee, Kongwa. Akapatikana mnunuzi, tukakubaliana magunia 120 kwa 60,000 kila gunia, jumla 7,200,000, nusu atangulize. Mkataba niliupiga kwa vidole vyangu hivi, ukurasa mmoja na robo, nikajisifu kwamba ni mfupi na umenyooka. Nyumbani tulishapima, kila gunia kilo 65. Siku ya kupakia lori likaja na magunia yao matupu. Marefu. Vijana wakaanza kumimina, wakashindilia kwa magoti, halafu wakashona juu kile kilemba cha lumbesa mnachokifahamu, gunia lililojazwa kupita mdomo wake. Nikasimama na daftari nahesabu. Alizeti yote, kilo 7,800, ikaishia kwenye magunia 91 na kidogo kilichobaki sakafuni. Nikasema jamani, hayo si magunia tuliyokubaliana. Mnunuzi, kwa upole kabisa, akatoa nakala yake: "Mzee, nionyeshe ilipoandikwa gunia ni kilo ngapi."

Haikuandikwa. Nikalipwa ya magunia 91, 5,460,000, yaani 1,740,000 chini ya tulizokubaliana, na nikashukuru hakunidai hayo 29 "pungufu". Najua mtaniambia lumbesa ni marufuku, sheria ya vipimo ipo, na Wakala wa Vipimo wanakazana kila msimu kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100. Sawa, lakini yale yalikuwa kama kilo 85. Hayakuvunja kikomo hicho. Yalichofanya ni kutumia neno nililoliacha wazi.

Sasa turudi kwako.

Kazi ya ile orodha ya mwanzo ni hiyo: kuchukua neno la mtaani na kulifunga kamba. Herufi kubwa ni alama tu ya kukuambia "neno hili limefungwa, rudi mwanzo ukaone limefungiwa wapi". Kwa hiyo ukikutana na "Jengo" kwenye kifungu cha saba, usisome jengo unalolijua wewe. Soma Jengo la kifungu cha kwanza, ambalo linaweza kuwa fremu yako pekee, au ghorofa zima pamoja na choo cha nje na eneo la kuegesha magari, na ada ya usafi ikafuata humo humo. Nina mazoea ya kuweka kidole cha kushoto kwenye orodha na cha kulia kwenye kifungu ninachokisoma. Wateja wananicheka.

Kwenye swali lako umebandika vifungu vitatu. Nianze na 1.4, kwa sababu ndicho kibaya: "Pango maana yake ni kodi ya Sh 250,000 kwa mwezi pamoja na kodi nyingine zote zinazohusu Jengo." Hapa Kiswahili chetu wenyewe kinatupiga chenga. Kodi ni ile unayompa mwenye nyumba, na kodi ni ile ya serikali. Neno moja. Kwenye sentensi yako kodi ya kwanza ni ya mwenye fremu, ya pili inaweza kuwa yoyote. Hesabu zilizojificha humo: kuna kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Anayedaiwa ni mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni wewe, kwa hiyo unamlipia bila kujua halafu inabidi mrejeshane. Kwa 1.4 hakuna kurejeshana, umeshakubali iwe juu yako. Kuna pia kodi ya zuio: ukiwa mfanyabiashara unatakiwa ukate asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, kwa niaba ya mwenye nyumba. Hiyo inatoka kwenye hela yake. Akikwambia "kodi zote zinazohusu Jengo ni zako, tusome 1.4", utajikuta unampa 250,000 kamili na bado unatafuta 25,000 nyingine ya zuio. Mwambie atenganishe: "Pango" iwe Sh 250,000 basi, na "Kodi za Serikali" ziwe na mstari wake, kila moja kwa jina lake na jina la atakayeilipa.

Tazama pia ujanja wa kifungu hicho. Huo si ufafanuzi wa neno, ni wajibu wa kulipa uliovishwa kanzu ya ufafanuzi. Mambo ya nani analipa nini yana vifungu vyake huko mbele, ambako kila mtu anasoma kwa macho mawili. Ukiona maana ya neno ina "atalipa", "atawajibika" au "kama atakavyoona inafaa", simama hapo.

Cha 1.7: "Marekebisho maana yake ni pamoja na kupaka rangi, vitasa na mabomba." Hili kosa nimelipiga chapa mara nyingi hadi siku wakili mmoja mteja wangu aliponirudishia karatasi kwa hasira kidogo. "Maana yake ni" inafunga mlango: vilivyotajwa ndivyo, vingine havimo. "Ni pamoja na", au "inajumuisha", inauacha wazi: hivyo ni mifano, na vingine vinaweza kuingia. Sasa "maana yake ni pamoja na" ni kufunga mlango na kuacha dirisha. Paa likivuja masika ijayo, paa limo kwenye Marekebisho yako au halimo? Chagua moja. Kwa mpangaji, funga mlango.

Cha 1.9, "Siku maana yake ni siku ya kazi", kinaonekana kidogo lakini kipime na kifungu cha sita, cha notisi ya siku 30. Siku 30 za kazi ni wiki sita ukihesabu Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi haijasemwa kama imo. Inaweza hata kukufaa wewe, sikatai. Ila jua.

Na jambo ambalo hujaliuliza, lipo kwenye mkataba wako: "pango lilipwe kabla ya saa 10:00 ya tarehe 5". Saa 10:00 ipi? Sisi tunasoma saa kumi jioni, simu yako inasoma saa nne asubuhi. Nilishaona mashine ya kusaga ikifungiwa kwa kufuli sababu ya hilo, watu wakatukanana, wote wakiwa wakweli. Andika asubuhi, mchana au jioni.

Kuna mchangiaji amesema haya ni ya kupoteza muda kwa sababu maneno ya kisheria yana maana moja inayojulikana, huwezi kujitungia. Ndugu yangu, hata Bunge letu hapa halifanyi hivyo. Chukua neno rahisi, mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema ni aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilipotungwa ilisema ni chini ya 14, ila kwenye kazi za hatari ndipo ikawa 18. Hazijakosana. Kila moja inaanza na "katika Sheria hii", maana yake ni kwamba ufafanuzi unaishia kwenye mlango wa sheria hiyo.

Wakati mwingine hata ndugu wa tumbo moja wanatofautiana. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zilitungwa pamoja mwaka 1999, Namba 4 na Namba 5. Zote zinaeleza "ardhi ya jumla" ni ardhi ya umma isiyo ya hifadhi wala ya kijiji. Lakini Namba 4 iliongeza kipande: pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Namba 5 haina kipande hicho. Kwa mfugaji wa Bahi au Chamwino anayeacha malisho yapumzike hadi mvua, maneno yale machache yanauliza kama lile eneo bado ni la kijiji. Wanasheria wamelijadili miaka na miaka.

Ipo kweli Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inayotoa maana za jumla: mtu ni pamoja na kampuni, mwezi ni mwezi wa kalenda. Hiyo ndiyo iliyobadilishwa 2021 ili lugha ya sheria iwe Kiswahili. Ila imewekwa kwa ajili ya kusoma sheria zilizoandikwa. Usitegemee ije yenyewe kuujazia mkataba wako wa fremu. (Neno lenyewe "tafsiri" lina mambo: huku ni kutoa maana, kule ni kuhamisha lugha. Mteja aliwahi kuona kichwa "Tafsiri" akaniuliza nakala ya Kiingereza iko wapi.)

Tahadhari ya upande wa pili: usifafanue kila kitu. Mikataba mingi mnayopewa ni ya kunakili. Nimeletewa mkataba wa fremu wenye maana ya "Chombo", na chombo hakionekani tena hadi mwisho. Ulitoka kwenye mauzo ya pikipiki. Na wakati mwingine dawa ni kulikimbia neno kabisa. Msimu uliofuata nilianza kuandika "Gunia maana yake ni gunia la alizeti lenye...", nikajiona najizungusha mwenyewe. Nikafuta. Nikaandika kilo 7,800 za alizeti kavu iliyopepetwa, zitakazopimwa shambani kwa mizani iliyokaguliwa, mifuko isihesabiwe. Mnunuzi alikuja na magunia marefu yale yale, nikamsaidia kushika mdomo wa gunia.

Wewe kabla ya kusaini muulize mwenye fremu kuhusu 1.4, na umuulize kama mita ya umeme ni yako peke yako au mnachangia na wa pembeni, kwa sababu hapo ndipo suala la kodi ya jengo linapochanganya. Akikujibu lete hapa. Mimi mwenyewe nachangia mita na saluni ya jirani na bado hatujaelewana.