Matawi hayaonani? Kagua njia ya kurudi

Ukiajiriwa kitengo cha Tehama kwenye ofisi yenye makao makuu Dodoma mjini na matawi Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, utaizoea haraka simu ya "intaneti imekata". Muulize mpigaji kama WhatsApp inafunguka kwenye kompyuta ileile. Ikifunguka, intaneti ipo. Kilichopotea ni njia ya kufika seva ya Dodoma. Usimsumbue mtoa huduma bado.

Wageni wengi wa kazi hii hukagua njia ya kwenda tu. Tuseme seva iko mtandao wa 10.10.1.0, na Kondoa ni 10.10.2.0. Ruta ya Kondoa, kifaa kinachoelekeza data kati ya mitandao, inajua pa kupeleka pakiti (vipande vya data), zinafika vizuri kabisa. Je, ruta ya Dodoma inajua pa kurudishia? Isipokuwa na njia ya 10.10.2.0, jibu litafuata njia ya jumla (default route, ya kila kisichojulikana) na kuishia kwa mtoa huduma, ambako anwani binafsi zinazoanza na 10 hazina mwenyewe. Aliyekaa Kondoa ataona kimya, aape kwamba ombi halikutoka. Basi piga traceroute, amri inayoonyesha ruta ambazo pakiti inapitia, kutoka pande zote mbili. Ukiweza, iangalie seva yenyewe kwa tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazoingia na kutoka: ombi likionekana linaingia na jibu linatoka, achana na Kondoa, fuata jibu linakopotelea. Nyota kwenye traceroute, yaani hatua isiyojibu, zisikutishe. Huenda ruta ile imezuiwa tu kujibu.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Ukipiga ping (amri ya kuita kifaa uone kama kinajibu) ukiwa ndani ya ruta, yenyewe huchukua anwani ya mlango inaotokea, si ya mtandao wa ofisi. Ping inakubali, kompyuta za wafanyakazi zinakataa, nawe unabaki kubishana na watu walio sahihi. Kwenye ping, taja anwani ya chanzo iwe ya mtandao wa ofisi.

Kondoa na Manyoni kuonana kupitia Dodoma ni kazi zaidi, kwa sababu Dodoma inawaona wote na kila kitu kinaonekana safi. Kila tawi linahitaji njia ya kwenda kwa mwenzake, na kama mnatumia IPsec (njia ya siri ya kuunganisha matawi kupitia intaneti) inayotaja mitandao, jozi hiyo ya Kondoa na Manyoni itajwe pande zote.

Halafu 192.168.1.0. Ruta nyingi za dukani huja nayo. Mpwapwa wakiiacha hivyo na Dodoma nako ikatumika, kompyuta ya Mpwapwa itadhani seva ipo chumba cha pili, haitaituma pakiti kwa ruta hata kidogo. Badilisheni namba mapema, kabla printa hazijazagaa na anwani za kudumu.

Ping ikipita lakini ripoti kubwa ikagandia, shuku ukubwa wa pakiti: VPN, yaani muunganisho wa siri kama huo wa IPsec, inakula sehemu ya baiti 1500 ambazo pakiti ya kawaida hubeba. Kwenye Windows jaribu `ping -f -l 1472`, kisha shusha namba mpaka ipite.

Kabla ya kugusa njia kwenye ruta ya Manyoni ukiwa Dodoma, hifadhi mipangilio iliyopo. Kisha, kama ni Cisco, andika `reload in 10`, yaani ijiwashe upya baada ya dakika 10. MikroTik ina Safe Mode. Ukijifungia nje, ruta itajirudia yenyewe. Mambo yakienda sawa, kwenye Cisco andika `reload cancel` ndipo uhifadhi mapya. Wengine huruka hatua hii, kisha wanaonekana stendi alfajiri na laptopu begani.