Re: Rezoneta na pikapu ya kupigia ukumbini

Waalaykum salaam ndugu yangu. Unauliza ununue rezoneta gani, yaani gitaa lenye koni ya chuma ndani ya kukuza sauti, na utie pikapu ipi, kile kidude cha kunasa sauti kuipeleka kwenye spika, isiyopiga mbinja spika zikifunguliwa.

Kabla ya kulipa, fungua kifuniko uitazame koni. Ni alumini nyembamba sana, ikishabonyea sauti hufa, hata gitaa ling'ae vipi. Daraja, pale nyuzi zinapokalia juu ya koni, likiwa kidude cha mbao cha duara, aina hiyo huitwa biskuti. Likiwa na miguu ya chuma, huitwa buibui.

Mimi hutia pikapu nyembamba ya sumaku mwisho wa shingo. Piezo, pikapu inayonasa mtetemo, ikikaa darajani ina sauti tamu ya koni, lakini huokota mpaka dumbaki ya pembeni. Nyuzi ziwe za chuma; za nailoni sumaku haizisikii.

Mwili wa chuma ufute kila ukimaliza, hewa yetu ya Unguja ina chumvi.