Loki 100, Siku 7: Maswali ya Wasafiri wa Mfereji

Wiki hii maswali yote ni ya mfereji wa Kennet na Avon, kusini mwa Uingereza. Kwa asiyejua, loki ni chumba cha maji chenye malango mbele na nyuma, kinachopandisha au kushusha boti pale mfereji unapokwea kilima.

Kaka, tumekodi boti wiki moja. Tunataka kutoka Bath hadi Reading na kurudi. Ni maili 75 hivi tu. Tutachoka?

Hamtafika hata hiyo Reading. Kwenye mfereji maili peke yake hazikuambii kitu. Jumlisha maili na loki, gawanya kwa tatu, unapata saa. Njia hiyo ina loki karibu 100, basi ni saa 58 kwenda tu, bila foleni wala kusimama kwa chai. Pale Caen Hill, Devizes, loki 29 zimebanana ndani ya maili mbili, 16 kati yake zikiwa mstari mmoja kama ngazi. Hizo tu zinakula saa tano, sita. Bradford-on-Avon hadi Bath na kurudi inawatosha. Mtavuka madaraja mawili ya maji, Avoncliff na Dundas, boti ikipita juu na mto Avon ukipita chini.

Mwaka jana tulikuta loki imefungwa kwa matengenezo, tukapoteza siku mbili. Tunaepukaje?

Kazi kubwa za ukarabati, Canal & River Trust wanaosimamia mifereji huzipanga zaidi miezi ya baridi, na matangazo huwekwa kwenye tovuti yao. Yasome kabla ya kulipa. Lango likiharibika ghafla, hapo hakuna ujanja. Mimi niliwahi kukwama siku tatu, boti sita nyuma ya lango moja. Siku ya pili tulishaanza kuazimana chumvi. Siku ya mwisho iacheni tupu, wala msikate tiketi ya ndege ya jioni ile ile mnayorudisha boti. Habari ya kurudishiwa hela iko kwenye mkataba. Uliza mapema, siyo ukishakwama.

Uingereza kila siku mvua. Iweje mfereji ufungwe kwa kukosa maji?

Kila boti inaposhuka, maji ya chumba kizima huteremka nayo, kama lita 200,000 kwa loki pana za mfereji huu. Sehemu ya juu kabisa hujazwa kwa pampu za Crofton. (Pale kuna injini ya mvuke ya mwaka 1812 ambayo bado huwashwa kwa wageni, ingawa siku hizi kazi hufanywa na umeme. Pitieni mkaione.) Kiangazi kikikauka, pampu haziwezi kuzalisha maji yasiyokuwepo. Kwa hiyo kabla ya kufunga malango, tazama nyuma. Kama kuna boti inakuja, ingoje muingie wawili. Dakika 10 hazikuui, na unapata watu wa kukusaidia kusukuma.

Mume wangu anakaa kwenye usukani, mimi nasukuma malango, kisha ananifokea niharakishe. Ni haki?

Dada, badilishaneni zamu. Akisukuma yeye atagundua kuwa lango halifunguki mpaka maji ya pande zote mbili yalingane, afoke asifoke. Tena mnaposhuka, usukani si mahali pa kupumzikia. Chini ya lango la juu kuna kizingiti cha mawe. Tezi, yaani nyuma ya boti, ikikikalia wakati maji yanapungua, boti inaning'inia na omo, yaani mbele, inazama. Tafuta alama nyeupe ukutani. Tezi ikae mbele yake muda wote. Ukiona boti inaanza kuinama, wewe mwenye hendeli, ule mkono wa chuma wa kufungulia maji, funga vidirisha vya maji vya lango la chini papo hapo, halafu ufungue vya lango la juu taratibu. Mwambie shemeji kwamba dakika hizo nahodha ni wewe.