Msaada wa F1 unaofunguka mahali pake hata bila intaneti

Mtu anapobonyeza F1, kitufe cha kibodi kinachofungua msaada wa programu, amekwama. Mbele yake kuna dirisha moja, kitu fulani ndani yake kimemkatalia, na anachotaka ni jibu la hapo hapo. Ukimfungulia ukurasa wa jalada wenye orodha ya sura ishirini, umemwongezea kazi ya pili, ya kutafuta, na yeye alikuwa tayari na ya kwanza.

Wanaoanza kazi ya kutengeneza msaada huu hutumia karibu muda wao wote kuandika mada, yaani kurasa za msaada zenyewe. Ni sawa, mada lazima ziandikwe vizuri, lakini msaada wa namna hii huharibika zaidi kwenye uzi unaounganisha skrini na mada yake. Anza hapo.

Kila dirisha, na kila kichupo chenye kazi yake, kipe kitambulisho. Kisiwe jina la faili wala kichwa cha mada, kwa sababu vyote viwili hubadilika: mada hugawanywa, huunganishwa, hutafsiriwa. Kiwe jina linaloeleza kazi, mfano ankara.chapisha, kisha uwe na jedwali moja linalosema ankara.chapisha inaelekea kuchapisha-ankara.html. Msimbo wa programu ujue kitambulisho tu. Jedwali likae kwenye hazina ileile ya msimbo, ili anayeongeza dirisha jipya aongeze na mstari wake katika badiliko lilelile. Dirisha likifutwa, kitambulisho chake kisipewe dirisha jingine kamwe. Ukikirithisha, tafsiri ambayo haijasasishwa itafungua mada ya zamani bila kulalamika, na kosa la namna hiyo halionekani mpaka mtumiaji alalamike.

Kisha andika hati fupi ya ukaguzi, iendeshwe kila programu inapojengwa. Iulize mambo matatu: je, kila kitambulisho kilichomo kwenye msimbo kimo kwenye jedwali? Je, kila mstari wa jedwali unaelekea faili iliyopo kweli? Na ni mada zipi hazina skrini inayoziita? Mawili ya kwanza yakishindwa, ujenzi usimame. La tatu litoe onyo tu, maana mada za jumla kama kuhifadhi nakala huenda zisiwe na dirisha lake. Fanya ukaguzi utofautishe herufi kubwa na ndogo hata kama unafanyia kazi kwenye Windows, kwa kuwa kwenye Linux Ankara.html na ankara.html ni faili mbili.

Pamoja na hayo, kitambulisho kitakosekana siku moja. Panga ngazi za kurudi nyuma: mada ya kichupo ikikosekana, fungua ya dirisha, hiyo nayo ikikosekana, fungua ukurasa wa mwanzo wa msaada, na uandike kitambulisho kilichopotea kwenye faili ya kumbukumbu za programu. Ukurasa mtupu ni jibu baya kuliko kutofungua kitu.

Usishawishike kuandika mada kwa kila sehemu ya kujaza. Fomu yenye sehemu 40 ikiwa na mada 40, hakuna atakayezitunza. Mada moja kwa dirisha inatosha, na maelezo ya sehemu mojamoja yawe kidokezo kifupi kwenye skrini yenyewe. Kidokezo hicho kisitegemee kipanya peke yake. Mwongozo wa WCAG 2.1 wa mwaka 2018, unaohusu kurasa za wavuti zinazotumika na watu wenye ulemavu, katika kigezo 1.4.13, unataka maelezo yanayotokea kwa kupitisha kipanya au kwa kufika kwenye sehemu kwa kibodi yaweze kuondolewa bila kuhama mahali, yaweze kufikiwa na kipanya bila kutoweka, na yabaki hadi msomaji ayaache.

Sasa umbo la faili. Ukirithi programu ya Windows ya siku nyingi, utakutana na CHM, umbo la faili za msaada la Microsoft lililoingia mwaka 1997 kuchukua nafasi ya HLP, umbo la awali. Lina faida moja kubwa: faili moja yenye orodha ya yaliyomo, faharasa na utafutaji ndani yake. Mitego yake inajulikana, na afadhali uijue kabla haijakunasa. Ukiliweka kwenye folda ya mtandao, orodha ya mada itaonekana upande wa kushoto lakini kurasa zitakuwa tupu; ni kizuizi cha usalama kilichowekwa na Windows mwaka 2005. Faili iliyopakuliwa nayo huonyesha kurasa tupu hadi mtumiaji aiondolee kizuizi kwenye sifa za faili, kwa hiyo iingie kupitia kisakinishi, wala usiitume peke yake. Folda yenye alama ya # kwenye jina lake pia huivuruga. Na kompaila yake, hhc.exe, programu inayotengeneza faili ya CHM, hurudisha namba 1 ikifanikiwa na 0 ikishindwa, kinyume cha desturi, hivyo hati ya ujenzi inayochukulia 0 kuwa mafanikio itakataa kazi nzuri na kupitisha mbovu.

Kwa programu mpya, HTML ya kawaida ndani ya folda ya programu ndiyo chaguo la busara, hasa ikionyeshwa kwenye dirisha la programu yenyewe. Ukiamua kuifungua kwa kivinjari cha mtumiaji, mambo mawili yatakusumbua. La kwanza ni utafutaji: ukurasa uliofunguliwa kwa file://, yaani moja kwa moja kutoka diski ya kompyuta, huzuiwa kusoma faili nyingine kwa fetch, amri ya JavaScript ya kuleta faili, kwa hiyo faharasa iliyoandikwa kama faili ya data ya JSON na iliyofanya kazi vizuri kwenye seva yako haitasomeka kwa mtumiaji. Dawa yake ni kuiandika faharasa kama faili ya .js na kuiita kwa lebo ya script. Sphinx, zana ya kutengeneza nyaraka, hufanya hivyo kwa searchindex.js yake. La pili ni alama ya # kwenye anwani. Windows inapokabidhi anwani ya file:// kwa kivinjari, mara nyingi sehemu inayofuata # hudondoka, na mtumiaji hutua juu ya ukurasa mrefu badala ya kifungu chake. Hii ni sababu tosha ya kuweka kila mada kwenye faili yake.

Programu ya wavuti ina njia yake, service worker, hati ambayo kivinjari huiendesha nyuma ya pazia, inayohifadhi kurasa za msaada kwenye kashe, hifadhi ya ndani ya kivinjari. Inahitaji HTTPS, na ukumbuke kwamba cache.addAll, amri ya kuweka orodha ya faili kwenye kashe, hushindwa yote kama faili moja tu kwenye orodha haipatikani. Picha moja iliyofutwa inaweza kuondoa msaada mzima.

Tukija kwenye maandishi, kosa linaloudhi zaidi ni kurudia kinachoonekana: “Jina: andika jina.” Andika kisichoonekana. Tarehe inakubaliwa kwa mpangilio gani? Kitufe cha Hifadhi kimefifia kwa sababu gani? Ukifuta mteja, ankara zake zinabaki au zinaondoka? Mistari ya kwanza ibebe hatua za kazi inayofanywa mara nyingi kwenye dirisha hilo. Historia na nadharia zishuke chini. Ujumbe wa kosa unukuliwe neno kwa neno pamoja na namba yake, ndipo utafutaji uupate. Ongeza pia maneno ya watumiaji wenyewe kwenye faharasa: anayetafuta “risiti” afike hata kama programu inaiita stakabadhi.

Majaribio yafanyike kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwa na zana zako. Zima Wi-Fi, chomoa waya wa mtandao, sakinisha kwenye folda yenye nafasi katika jina, ingia kwa akaunti isiyo ya msimamizi, kisha pita kila dirisha ukibonyeza F1. Usisahau madirisha yanayozuia mengine hadi yafungwe: kama msaada umefunguka nyuma ya dirisha hilo na haubofyeki, mtumiaji ataona kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo pia ndipo utagundua fonti, aikoni na mitindo iliyokuwa ikivutwa kutoka seva ya mbali bila wewe kujua.

Angalia na ukurasa wa mawasiliano. Kiungo kinachofungua tovuti hakimsaidii asiye na mtandao. Weka namba ya simu kwa maandishi ya kawaida, na kando yake namba ya toleo na kitambulisho cha skrini aliyotoka, kwa herufi zinazosomeka kwa urahisi akizitaja kwenye simu.