Kabla hujashika mkasi: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Umeniuliza kama ni kosa kuzikata kanga za marehemu bibi yako ushonee lile pambo lako la ukutani, pamoja na nyavu chakavu na vifuniko vya soda. Nimefungua sanduku nikazihesabu: doti 9, na vipande 4 visivyo na wenzake. Zikate.

Bibi yako mwenyewe hakuiacha kanga izeeke bure. Mpya ilikwenda harusini, ikichujuka ikawa ya jikoni, ikilainika ikawa mbeleko, halafu nepi, mwisho tambara la kuepulia sufuria. Wewe umebebwa na 2 kati ya hizo. Zilizobaki sandukuni ni alizozionea choyo, ndiyo maana zinakutia hofu.

Nikwambie langu. Mwaka mmoja baada ya kumzika, nilichana kanga yake kupata kitambaa cha kufutia mafuta ya cherehani. Sikuangalia. Siku moja nikakigeuza, nikaona nusu ya jina, yale maneno yanayoandikwa kwenye kanga: "…hauozi". Ilikuwa Wema hauozi. Hata chakula cha mchana hakikushuka. Kitambaa kipo kwenye droo ya cherehani mpaka leo, kinanuka mafuta. Kwa hiyo soma jina kwanza, ulitoe zima, mengine fanya utakavyo.

Ulinionyesha kwenye simu kazi za El Anatsui, yule msanii Mghana aliyeishi miaka mingi Nsukka, Nigeria, anayeunga vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba mpaka bati linalala mikunjo kama nguo. Zinapendeza, sikatai. Lakini mimi nilibaki na yule mama wa Gee's Bend, Alabama, kule Marekani, jina lake Missouri Pettway. Mwaka 1942 alizichukua nguo za kazi za marehemu mumewe, akazishona blanketi la viraka ajifunike. Wengine wangezigawa au wangezifungia. Yeye alijifunika nazo.

Sasa ya fundi. Pamba ya zamani imechoka. Ukiining'inizia vifuniko itapasuka, tena kwenye mikunjo. Uzito wote uubebe wavu. Kanga iwekee bafta nyuma, kile kitambaa chepesi cha pamba, piga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza tu, ndipo ushone. Vifuniko vyenye kutu achana navyo, alama ya kutu kwenye pamba haitoki kirahisi. Na ile nyekundu mpya uliyosema utachanganya, iloweke peke yake, umwage, uloweke tena mpaka maji yatoke meupe. Usiniletee kilio cha kanga za bibi zimegeuka waridi.

Doti 8 na vile vipande nimevifunga kwenye kiroba, vinapanda basi la Alhamisi asubuhi. Ukavipokee mwenyewe, usimtume mtu. Ile ya bluu yenye makorosho nimeitoa. Hiyo navaa Idi.

Mama yako,
Tanga