Mkopo wa kikundi: tuchukue au tujitegemee?

SWALI: Shikamoo mzee. Sisi ni vijana 9, kikundi cha ngoma hapa Bagamoyo. Wikiendi tunacheza kwenye hoteli za ufukweni, usiku mmoja laki 2. Afisa utamaduni ametushauri tuombe mkopo wa vijana halmashauri. Baba yangu mdogo, aliyepiga gitaa kwenye bendi ya shirika la umma miaka ya 70, anatucheka. Anasema msanii wa kweli hujitegemea, hela ya serikali ni ya wavivu. Kikundi kimegawanyika. Tufanyeje?
Mchezaji, Dunda

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo baba mdogo, maana amenichekesha. Muulize kwa adabu: lile gitaa alinunua nani? Enzi hizo bendi nyingi zilikuwa chini ya jumuiya, majeshi na mashirika. NUTA Jazz, iliyoundwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi Jazz ilikuwa ya polisi. Vyombo ni mali ya mwenye bendi, mwanamuziki anapokea mshahara wa mwezi kama karani. Azimio la Arusha lilihimiza kujitegemea mwaka 1967, na wapo waliolishangilia kisha wakaenda mazoezini kwa hela ya umma. Sioni ubaya. Muziki wao tunaucheza mpaka leo. Ubaya ulikuja mashirika yalipoyumba: gitaa likabaki stoo, mpigaji akarudi kwao mikono mitupu.

Sasa hesabu yenu. Laki 2 kwa watu 9 ni elfu 22 na ushei kila mmoja, hapo hamjatoa bodaboda, kufua maleba na ngozi iliyopasuka. (Mimi ndiye ninayewamba ngoma za nusu ya vikundi vya mji huu, ngozi ya ng'ombe haishuki bei.) Mazoezi ya katikati ya wiki hayana mlipaji. Hoteli inataka sindimba kidogo na sarakasi kidogo wakati wageni wanakula. Mdundiko wa bibi zenu hainunui. Kwa hiyo mnajitegemea, ndiyo, lakini kwa kujipunja.

Mkopo huo unatoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa vijana, 4 kwa wanawake, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ni hela ya ushuru wa wavuvi na wauza samaki pale sokoni, na nyinyi mmo humo. Kwa nini muone aibu? Ila ni deni. Masika watalii wanapungua, marejesho hayapungui. Chukueni kwa kitu kitakachoingiza hela hata mvua ikinyesha: seti kamili ya ngoma, spika na maikrofoni za kukodisha kwenye harusi. Msikopee mazoezi, wala safari ya tamasha, wala sare za kupigia picha. Nimeona kikundi kikilipa deni la fulana zilizokwisha kuchanika.

Kuwafundisha watoto mdundiko, kurekodi nyimbo za wazee, kukaa mwezi mzima mkitunga kitu kipya: hayo soko haliyalipi na mkopo hauyafai. Hapo ombeni ruzuku, bila kupiga magoti, kwa kazi mliyokwisha kuipanga wenyewe. Wakati wa kampeni za UKIMWI vikundi vya maigizo vilizunguka vijijini kwa fedha za wafadhili. Kazi ilikuwa ya maana, watu walielimika. Lakini vingine vilikubali kila mada iliyokuja na bahasha, na mradi ulipofungwa havikuwa na igizo hata moja la kwao la kuonyesha kwa kiingilio. Basi usiku wa hoteli msiuache hata mkipata ruzuku. Unalipa kidogo, lakini unawapa sauti ya kukataa.

Kabla ya kusaini, fungueni katiba ya kikundi muandike ngoma zitalala kwa nani, na mtu akijitoa anaondoka na nini. Bila hivyo atakayeolewa Tanga au kupata kazi Dar atadai ngoma yake, na marejesho yatabaki kwa wanane. Fungu la ngozi mlitoe kwanza, kabla hamjagawana.