Skrubu moja iliyogoma: kwa nyie mnaoanza fildi ya vifaa tiba

Wadogo zangu mnaoanza fildi ya vifaa tiba mwaka huu, iwe hapa Moshi au kule Arusha, karibuni sana. Naomba nianze na stori ya mbali kabla hatujafika kwenye otoklevu, yaani mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke, na mashine za oksijeni, maana kila mwaka nikipokea vijana karakana naona kitu kilekile, mtu anafika siku ya kwanza anauliza bisibisi ziko wapi, anataka kufungua. Mimi nataka kwanza uniambie utafanya nini skrubu ikigoma.

Tarehe 17 Mei 2009 mwanaanga Mike Massimino alikuwa nje ya chombo cha Atlantis, zaidi ya kilomita 500 juu ya dunia, yuko na mwenzake Mike Good wanatengeneza darubini ya Hubble. Ndani ya hiyo darubini kuna kifaa kinaitwa STIS, kazi yake kuchambua mwanga wa nyota, kilikuwa kimekufa tangu Agosti 2004 kwa tatizo la pawa saplai. Dawa yake ilikuwa kubadilisha bodi moja tu. Ila kile kifaa hakikutengenezwa ili kifunguliwe angani, mfuniko wake una skrubu 111 ndogondogo na fundi mwenyewe amevaa glavu nene za suti iliyojaa hewa, kila akikunja vidole anashindana na glavu, na skrubu moja ikimponyoka inaelea, inaweza kuingia ndani ya darubini ikaharibu vingine. Mainjinia wakakaa chini wakatengeneza bamba maalumu linalofungwa juu ya ule mfuniko, lina vitundu, kila skrubu ina kitundu chake, unapitisha bisibisi unalegeza na skrubu inabaki imenaswa humohumo. Zote 111 wakazipangia. Hiyo akili naipenda sana na nitairudia chini.

Sasa sikia. Kabla ya kufika kwenye zile 111, kulikuwa na mkono wa kushikilia, bomba tu limekaa mbele ya mfuniko, limefungwa kwa bolti nne. Kazi ya dakika chache. Bolti tatu zikatoka, ya nne ikalika kichwa, mashine ya kufungulia inazunguka bure. Bolti moja ya kitu ambacho hakuna aliyekihofia! Massimino hakukurupuka kuing'ang'ania, akasimama, akawaambia walio chini. Chini huku, kwenye kituo cha NASA cha Goddard, Maryland, Marekani, watu wakachukua mfano wa ule mkono wakaufunga vilevile, wakauvuta huku wanapima ni nguvu kiasi gani inaukata, ndipo wakamwambia haya, piga gundi tepu pale ili vipande visiruke, halafu uvute kwa mkono mpaka ukatike. Akauvuta ukakatika. Baada ya hapo mashine yake ndogo ya kufungulia skrubu nayo ikagoma, akarudi kuchukua ya akiba, maana ya akiba ilikuwepo. Siku hiyo walikaa nje saa 8 na dakika 2, na STIS ikapona.

Nawaambia hii kwa sababu mimi ya kwangu niliifanya kinyume. Miaka yangu ya mwanzo nilitumwa kituo cha afya kimoja juu huko mlimani, mashine ya oksijeni inatoa hewa lakini oksijeni yenyewe hafifu, nikajua ni filta na vali, kazi ya saa moja. Kava la nyuma lilikuwa na skrubu nane. Saba zikatoka, ya nane ikateleza, nikakandamiza tena ikateleza, nikakasirika nikaendelea, mpaka kichwa kikawa duara kabisa. Sina drili, sina kitoa skrubu, sina mashine ya kuwaachia. Nilishuka mjini kutafuta vifaa nikarudi kesho yake mchana, na usiku ule kuna mtoto alilazimika kushushwa hospitali ya mjini kwa sababu pale hapakuwa na oksijeni. Alipona namshukuru Mungu, lakini ile safari ya usiku na mtoto amefunikwa blanketi naijua mimi niliyeisababisha.

Kwa hiyo bisibisi ikiteleza mara ya pili, acha. Toa mkono. Angalia kichwa cha skrubu kwa tochi, mara nyingi tatizo ni ncha sio kutu. Mashine nyingi zinazotoka nje zina skrubu za nyota lakini zile zenye vimistari vinne vidogo katikati ya mikono ya nyota, hizo zina bisibisi yake, ukiingiza nyota ya kawaida inakaa ila haishiki, inatafuna. Weka mafuta ya kulegeza kutu usubiri, kandamiza kwa uzito wa bega kuliko nguvu ya kiganja, jaribu kwanza kukaza kidogo ndo ulegeze. Na ukiona bado, piga simu karakana, kuna mtu pale ana mashine kama hiyo imekufa kwenye rafu anaweza kujaribu yeye kwanza kabla wewe hujavunja ya wagonjwa. Mashine mbovu pale rafuni tunazitunza kwa kazi hiyo, msizione takataka.

Lile bamba la skrubu 111 kwetu ni trei la mayai. Kweli kabisa. Kila skrubu inayotoka inaingia kishimo chake, unaandika namba kwa peni, unapiga picha kwa simu kabla ya kila hatua, waya upi ulikuwa wapi, halafu unahesabu zana zako kabla ya kufunga. Wanaanga kila zana wameifunga kamba, sisi hatuna haja ya kamba ila kuhesabu ni lazima, nimeshakuta koleo ndogo ndani ya mashine ya maabara ya kuzungushia damu na nashukuru niliifungua kabla mtu hajaiwasha.

La pili, usiamini kipimo kimoja. Hubble ilirushwa Aprili 1990, picha za mwanzo zikaja na ukungu, ikagundulika kioo chake kikubwa cha mita 2.4 kimesuguliwa vibaya, kule pembeni kimezidi kuwa bapa kwa kama mikroni 2, ni kama sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele. Chanzo? Kifaa cha kupimia kioo wakati wa kusugua, lenzi yake moja ilikaa nje ya mahali pake kwa milimita 1.3. Na kinachouma ni kwamba vipimo vingine vya kawaida zaidi vilionyesha kuna kasoro, vikapuuzwa, kwa sababu kile kikubwa ndicho kilichoaminika kuwa sahihi kuliko vyote.

Hii huku kwetu ipo kila siku kwenye otoklevu. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ni nyepesi kuliko ya Dar, na geji ya presha inapima tofauti kati ya ndani na nje. Ukisoma kitabu cha mashine kilichoandikiwa pwani kinakwambia presha fulani ndio nyuzi 121, ukiiweka hiyohiyo Arusha ndani haifiki nyuzi 121, vifaa vya upasuaji vinatoka havijaiva na geji inakuonyesha kila kitu safi. Angalia kipimajoto, weka na ile tepu inayobadilika rangi, vyote vitatu vikubaliane. Kimoja kikikataa usikipuuze hata kama ndicho cha bei rahisi.

Halafu angalia walivyolitibu tatizo lenyewe, kioo hakitoki, hakiwezi kusuguliwa upya huko juu. Ila kwa vile walikuwa wamelipima kosa mpaka wakalijua sawasawa, wakatengeneza vioo vidogo vyenye kosa hilohilo lililogeuzwa, kama miwani. Desemba 1993 wanaanga wa chombo cha Endeavour wakaenda, wakatoka nje mara tano, Story Musgrave na Jeff Hoffman zamu moja, Kathryn Thornton na Tom Akers zamu nyingine, wakaweka kamera mpya yenye marekebisho ndani yake na sanduku la ile miwani linaloitwa COSTAR. Ili lipate nafasi ilibidi kifaa kimoja kizima kitolewe. Anayejua ugonjwa vizuri anaweza kuponya hata kitu asichoweza kukibadilisha, ndio maana nawakazania muandike mnachopima, namba, sio "inasumbua".

Safari hiyohiyo kazi ya kwanza kabisa ilikuwa kubadilisha jairo, vile vifaa vinavyoiambia darubini imegeukia wapi, zikabadilishwa vizuri, halafu milango ya pale ikakataa kufungika. Walihangaika nayo muda mrefu mpaka wakatumia mkanda wa kuvutia kuibana taratibu huku mwingine anafunga makomeo. Vijana wengi mnapanga muda wa kufungua na kutengeneza, kufunga hamkupangii hata dakika, kumbe ndiko mnakochelewa gari ya mwisho kushuka. Kufunga mpe theluthi ya muda wako.

Kuhusu kuzima mashine niseme kidogo. Machi 2002 ilibidi wabadilishe kitengo kinachogawa umeme kwenye Hubble, na ili hilo lifanyike darubini nzima izimwe, ilikuwa haijawahi kuzimwa tangu 1990, hofu ilikuwa kubwa kwamba isingewaka tena. Na asubuhi ile suti ya mwanaanga John Grunsfeld ikavuja maji kabla hajatoka, wakachelewa kama saa mbili wakambadilishia, ndio wakaanza. Hawakuruka hatua ili kufidia muda. Nesi au mganga mfawidhi atakwambia usizime, tengeneza hivyohivyo. Usikubali. Mwambie kwa heshima, dada, naomba tutafute mbadala kwanza, mgonjwa ahamishwe, halafu chomoa kabisa ukutani.

Na kingine cha mwisho ambacho nafikiri ndicho kinachowashinda wengi. Kila kifaa kilipofungwa kwenye Hubble, wale waliokuwa nje walisubiri wakati chini wanatuma amri kuona kama kimepata uhai, kisha kipimo cha pili kirefu zaidi kuona kama kinafanya kazi. Nyie mnawasha, taa ya kijani ikiwaka mnasaini. Taa ya kijani ni uhai tu. Mashine ya oksijeni iache izunguke nusu saa nzima ndo upime oksijeni, otoklevu ipike mzunguko mmoja kamili na tepu ndani, mashine ya kuzungusha damu ijaribu na mirija ya maji iliyosawazishwa. Mimi nilipoirudia ile mashine ya mlimani nilikaa nayo mpaka jioni, nesi wa zamu akaniletea chai ya rangi, kila baada ya nusu saa napima naandika kwenye daftari lake, oksijeni asilimia 93, 93, 94, na mama mmoja aliyekuwa anamsubiri mwanae akaniuliza kama nimeajiriwa pale, nikamwambia hapana mama, naisubiri tu hii.